Mawe Manne ya Redio

Pikipiki ilikohoa mara moja kwenye kilima cha tope, ikazimika, na msitu ukawa mkubwa ghafla.

Siméon alipiga kiki mpaka goti likamuuma. Nyuma yake mkewe Jokébed alikuwa ameunyoosha mguu wa kushoto, uliofungwa vijiti viwili na kitambaa cha kwaya. Risasi iliyopotea ilimpata shambani, karibu na Butembo, na sasa kidonda kilinuka. Wanajeshi walifunga barabara kubwa ya Beni, ndiyo maana wakaingia njia hii ya wapasua mbao. Wasipofika kwa daktari leo, mguu utakatwa, au Jokébed ataondoka nao.

"Batri imekufa," Siméon alisema.

"Juu ya kwaya?"

"Juu ya kwaya."

Kila Jumapili Siméon, shemasi, alichomoa betri ya pikipiki akaipeleka kanisani kuendesha kipaza sauti, kisha akairudisha imechoka. Aliyeomba hivyo wa kwanza ni Jokébed, mwimbaji wa sauti ya pili. Sasa hapo nani amlaumu nani?

Alikwangua unga mweupe kwenye vichwa vya betri, akakaza nyaya. Honi kimya. Alifungua vifuniko akaona ndani kumekauka, akatia maji ya mvua yaliyolala kwenye majani. Bado kimya. Alitoa buji, plagi ya kutoa cheche, akaigusisha kwenye injini, akapiga kiki: hakuna hata cheche. Petroli ilikuwepo, injini nzima. Kilichokosekana ni moto tu.

"Bale bamevaa nyeupe banatoka wapi?" Jokébed aliuliza, akitazama miti.

Siméon aliogopa sana, maana hapakuwa na mtu. "Ni ukungu, Mama Bénite," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Kunywa maji."

"Banaimba bila mikro. Iko bien."

Alitabasamu, huku mkono wake ukipapasa redio aliyoifunga mgongoni. Alikataa kutoka nyumbani bila hiyo, maana ndiyo iliyowaambia vita viko wapi. Siméon akaiangalia. Ndani yake mawe manne makubwa, betri kavu, pamoja volti sita. Betri ya pikipiki nayo ni ya volti sita.

Aliiwasha. Ilinong'ona kidogo, ikanyamaza. Mawe nayo yamechoka. Lakini Butembo nzima inajua mawe yaliyochoka huanikwa juani juu ya bati, na jioni yanapata tena habari mbili tatu.

Alisukuma pikipiki, mkewe juu yake, hadi shamba la migomba lililoachwa na wenyewe. Akamshusha mkewe, akayapanga mawe kwenye kiti cheusi cha pikipiki, wakangoja jua. Lilikuja polepole, kama mgeni asiyejua nyumba. Vipepeo walitua kwenye kitambaa cha kwaya. Jokébed aliimba bila sauti, midomo tu, na Siméon hakujua tena kama yuko macho au anaota.

Mawe yalipopata moto, alitoa kisu.

"Nikate waya za redio."

"Tutasikilizaka nini?"

"Sijue."

Jokébed alifumba macho. "Kata."

Aliyaviringisha mawe kwenye ganda kavu la mgomba, moja nyuma ya jingine, akafunga nyaya mahali pa betri. Taa ikawaka nyekundu, dhaifu. Kiki ya kwanza, hakuna. Ya pili, injini ikaitika, naye akalia wazi wazi.

"Hapana simama tena," Jokébed alisema alipopandishwa nyuma.

Hakusimama. Waliteremka kwenye joto, wakapita mashamba ya kakao, hadi mlango wa hospitali ya Beni. Wauguzi walimbeba Jokébed ndani. Siméon alibaki juu ya pikipiki, mkono kwenye gesi ili injini isizimike. Walimwambia azime, akakataa. Aliona kama injini na pumzi ya mkewe zimefungwa kwa waya mmoja.

Petroli ilipokaribia kuisha, muuguzi alitoka. "Risasi bameitoa. Mguu iko."

Siméon hakusogea.

Kisha dirishani ikaja ile sauti ya pili ya kwaya, nzito kwa usingizi na yenye hasira kidogo:

"Papa Bénite, zima ile kitu. Nataka kulala."

Siméon akageuza ufunguo.