Kiti Kilichogeuzwa

Haya yalimpata rafiki yangu Bilha wa Germantown, huko ughaibuni, na picha nimeziona mwenyewe.

Alikuwa akimtunza Bi Ruth, ajuza wa kiti cha magurudumu. Kila Aprili alimpeleka kando ya kijito kuona maua. Lakini kwao Kenya alikuwa amesema anafanya kazi ya ofisi. Kwa hivyo kabla ya kupiga picha za kutuma kwenye grupu ya familia, alikigeuza kiti kando kitazame mti, ajuza asionekane. Nilimkanya: mtu mzima hageuzwi kama kabati!

“Hata mimi zamu yangu itafika,” ajuza alimwambia mara ya mwisho alipogeuzwa. Januari akafariki.

Aprili hii Bilha alirudi kijitoni peke yake, mchana kweupe. Kila alipoinua simu kupiga maua picha, alisikia gurudumu likilia nyuma yake, kwii, kwii. Akigeuka, njia ni tupu.

Jioni tulifungua simu pamoja. Picha kumi na mbili, na ua halikuwepo hata moja. Zote ni za mgongo wa Bilha, zimepigwa kutoka usawa wa mtu aliyeketi, kila moja karibu kuliko iliyotangulia. Ya mwisho ni nyuzi za sweta yake tu.