Sauti ya Chini ya Mosonik

Haya yalimpata Kiptanui, mpiga gitaa wa bendi yetu hapa Nakuru, mwaka wa sabini na tatu. Kila mazoezi tulichoka kubishana juu ya kinanda cha stima cha Mosonik. Kilikuwa kikuukuu, kinalia kama mbu, na sauti yake ilikuwa chini kidogo, kwa hivyo tulilazimika kushusha nyuzi za magitaa tukifuate. Mosonik alijibu tu, "Kinanda hakikosei. Nyinyi ndio mko juu."

Mosonik alipofariki, tukamzika kule Olenguruone, tulipandisha magitaa siku hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata Kiptanui alienda kukichukua kinanda kwa fundi Jaswant. Mvua ilinyesha, stima ikapotea. Akakaa kando ya kinanda kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha, gitaa mapajani, amechoka, akasema tulivyozoea kusema kabla ya kupiga: "Mosonik, nipe sauti."

Akapewa, gizani, kutoka upande wa kinanda. Akatyuni nyuzi zote sita polepole, akasema asante.

Jaswant akaingia na taa. "Pole bwana, hii kinanda bado. Nimetoa vitu yote ya ndani."

Sanduku la kinanda lilikuwa tupu.

Kiptanui akapitisha kidole kwenye nyuzi. Zote zilikuwa chini kidogo.