Punje Aliyoikataa Mackrine

Jua lilikuwa linazama Ihanda. Mackrine alikuwa anatoka njiapanda na dawa za kaka yake Cleophace, zilizoletwa na bodaboda kutoka Kayanga. Wiki ya tatu sasa, tumbo la Cleophace lilikuwa limevimba. Daktari alisema ni ini. Shangazi Costansia alisema ni Rweyemamu.

Rweyemamu ni babu wa babu yao: mchuuzi wa kahawa wa karne ya kumi na tisa, aliyepanda mpaka akawa mkungu, mkono wa mtawala katika vijiji hivi. Ukoo ulipenda kumtaja harusini. Haukutaja kwamba alichanjiana damu na mchuuzi mwenzake, Hategekimana. Walipasua tunda moja la kahawa, punje mbili, kila mmoja akameza iliyopakwa damu ya mwenzake. Kisha, ili apate cheo, Rweyemamu akamchongea ndugu yake huyo kwa mtawala. Hategekimana akauawa. Tangu hapo, alidai Shangazi, kila kizazi mmoja huvimba tumbo na kufa, mpaka siku huyo aliyeuawa atakapokuja mwenyewe na kahawa ya kupatana, ikapokewa.

Mackrine, mwenye shahada mbili, aliuliza kama ini nalo husoma historia.

Migomba ikanyamaza.

Ikaja harufu... kahawa iliyochemshwa na majani ya kunukia. Na chini yake, damu.

Mzee alisimama njiani, amejifunga nguo ya gome la mti. Alinyoosha kiganja. Juu ya kipande cha jani la mgomba, punje moja.

"Pokea, mwanangu. Nimechoka kuwa na hasira."

Huku mtu hakatai kahawa ya mkononi; hata asiyetafuna huipokea akaitia mfukoni. Lakini Mackrine aliona wazi: Shangazi amekodi mtu.

"Shikamoo, mzee. Mwambie aliyekutuma nimekataa."

Mzee alikohoa, akakunja kiganja taratibu, kidole kimoja kimoja. Alikuwa analia.

Nyumbani, Shangazi alikuwa amempakata Cleophace kichwa. Hakuwa ametuma mtu.

"Nimemsikia akikohoa njiani," kaka yake alinong'ona. "Umepokea?"

Mackrine aliutazama mkono wake mtupu.

"Nimepokea, kaka."

Cleophace alitabasamu. Hata taa ilikuwa haijawashwa alipokata roho.

Walimzika kibanjani, katika migomba ya nyumbani, kando ya njia ileile. Sasa kila jua likizama Mackrine husimama pale, viganja vyote viwili wazi, anaomba apewe. Migomba hunyamaza. Harufu huja, karibu kabisa...

Halafu mtu hukohoa gizani.

Tangu juzi wanakohoa wawili. Wa pili anamfahamu tangu utoto.