Bwawa la Matete

Kila alasiri, Chiriku alipotoka shule, alipitia kiwanda cha nguo kumsubiri mama yake, msimamizi wa idara ya kutia rangi. Jina hilo la ndege alipewa kwa kupenda kusema. Alikaa kando ya bwawa la matete, nyuma ya kiwanda. Alikuwa bado anabebwa mgongoni wakati mama na wenzake walipolichimba, ili matete yachuje maji ya rangi kabla ya kuingia mtoni. Enzi hizo wageni walikuja kwa mabasi kulitazama, na wafanyakazi walikula hapo mchana, wakitaniana mpaka king'ora kilipowarudisha kazini.

Sasa hakuna aliyefika. Matete yalikuwa yamekauka, na siku hiyo Chiriku aliona maji ya bluu yakipita kwenye mfereji wa pembeni, moja kwa moja hadi mtoni.

Alitimua mbio hadi kwa mama. "Mama, mto umekuwa bluu!"

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

Mama akashusha pumzi. "Mashine mpya zinatoa maji mengi, bwawa limezidiwa. Mfereji ule nimeufungua mimi, kwa muda tu. Kazi zimetubana, mwanangu."

"Lakini mimi si unanikataza kutupa hata ganda la ndizi mtoni?"

Mama akamshika mkono, wakapanda ngazi hadi kwa mkurugenzi. Chiriku alijiuliza: mama akifukuzwa je?

"Bosi, mfereji wa pembeni nimeufungua mimi. Naomba tuzime mashine mpya mpaka tupanue bwawa."

"Na oda za watu?"

"Zitachelewa. Bango la getini linasema maji yetu ni safi, nasi tunajua si kweli."

Mkurugenzi akaenda dirishani, akalitazama bwawa. "Hata mimi nilibeba matete siku zile," alisema taratibu. "Tope lilinifika magotini, na tulicheka kweli kweli." Akageuka. "Wewe nitakupa onyo. Mashine zizimwe."

Idara nzima ilirudi bwawani na majembe, mkurugenzi akiwa amekunja suruali. Walilipanua, wakauziba mfereji wa pembeni, wakapanga zamu za kulihudumia. Chiriku naye alipanda matete.

"Tulisifiwa kwa kubuni, tukaacha kutunza," mama alimwambia, huku akimfuta tope shavuni. "Kampuni ikikua, wajibu wake nao unakua. Nawe ukiona kosa, hata likiwa langu, liseme vilevile."