Sindano ya Shingoni

Wol alikufa akiomba maji, na mtungi kando yake alikuwa ameshaumaliza. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Inspekta Bilha Ajwang aliitazama maiti yake mochari ya Lodwar, Machi 2013, asisikie kitu. Huruma ilimwisha mwaka uliopita kwa wingi wa maiti, wala hakuitafuta.

Mshukiwa alikuwepo tayari. Lomenen, mfugaji aliyemuuzia marehemu maziwa ya mbuzi kila asubuhi, alikuwa seli ya Kakuma siku ya nne. Majirani wa Wol katika kambi ya wakimbizi walisema maziwa yalitiwa sumu. Polisi wetu wakishapata mtu wa kumshika, hawapendi kusumbuliwa.

"Sumu gani, Daktari?"

"Sijaona sumu," alijibu Daktari Levis. "Damu aliyotolewa siku moja kabla ya kufa ina kalsiamu karibu mara mbili ya kawaida. Ndiyo iliyomkausha, ikamvuruga akili, ikausimamisha moyo."

"Ya maziwa?"

"Maziwa peke yake hayafiki huko. Alikuwa na kifua kikuu. Hicho huweza kupandisha kalsiamu, lakini si hivi. Kuna kitu kiliongezwa juu yake. Na ona hapa."

Aligeuza kichwa cha maiti. Chini ya sikio palikuwa na uvimbe na matundu manne ya sindano.

"Nani hudunga mtu shingoni?" Bilha aliuliza.



Swali hilo Bilha alilipeleka seli ya Kakuma.

"Ejok, mzee," alimsalimu Lomenen kwa Kiturkana. "Nani anadungwa shingoni?"

"Mbuzi," alisema Lomenen papo hapo.

"Bomba la sindano la mbuzi ni la nani?"

"Ya mimi. Lakini Agot alikuja kuazima, dada ya Wol. Aliuliza ile dawa ya kunonesha mbuzi inadungwa wapi. Nikamwonyesha kwa mbuzi."

"Mbona hukusema?"

"Nyinyi mliuliza maziwa tu."

Lo! Siku nne, na hakuna aliyeuliza kingine.

Bilha na askari walimkuta Agot nyumbani kwake kambini, akipanga nguo kwenye begi. Chini ya kitanda kulikuwa na chupa tupu yenye picha ya mbuzi: vitamini A, D na E; na D ndiyo hupandisha kalsiamu mwilini.

"Ulimdunga mara ngapi?"

"Mara nne. Mpaka chupa ikaisha."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anakonda. Tulishapita vipimo vya safari ya kuhamia ng'ambo, ndipo akaanza kukohoa. Siku ya kuondoka wanamkagua kila mtu. Wangemwona hivyo, wangetuondoa kwenye orodha sote wawili. Miaka saba tumengoja, Inspekta."

"Hospitali?"

"Hospitali wangeandika kifua kikuu. Nilimpeleka alipoacha kunijua. Tulichelewa."

"Aliomba maji."

"Nilimpa. Nikampa na maziwa. Nilifikiri anapata nguvu, kwa vile alikuwa anakunywa sana."

"Na ulimwacha Lomenen ndani."

Agot aliinamisha kichwa. "Ndege ni kesho. Nilisema nikifika nitawaandikia barua, mumwachilie."

Bilha alipekua begi. Juu kabisa palikuwa na sweta mbili nzito za mtumba, moja ya kiume.

"Hii ya nani?"

"Ya Wol. Wanasema kule kuna baridi."

Bilha aliishika sweta muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaikunja vizuri, akairudisha mahali pake, akatoa pingu.