Mkono Uliozikwa Kinyunguni

Jioni ile nilishuka bondeni kuchuma mboga. Mume akikatwa mkono, nyumba bado inataka kula.

Nilimwacha Liberatus kitandani, amegeukia ukuta. Tangu mashine ya kupasulia mbao kule Mafinga imle mkono wa kushoto, hakuwa na neno jema kwangu wala kwa binti yetu Eveline. Tajiri wake alitutumia pole na mzigo wa mabanzi ya kuni, kisha akaajiri mwingine. Nasema kwa uchungu, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Hospitali walitukabidhi ule mkono kwenye mfuko tukauzike. Katika ukoo wa mume wangu, kiungo cha mtu huzikwa mlimani, kwenye udongo mkavu, kikafunikwa majivu. Kazi hiyo alipewa shemeji yangu Ambrosi, mvivu wa kuzaliwa. Kilikuwa kiangazi na kule juu ardhi ilikuwa imekauka, jembe linadunda. Ambrosi akateremka kimyakimya hadi kwenye kinyungu changu, bustani ya bondeni isiyokauka mwaka mzima, akafukia palipokuwa laini. Akarudi akatuambia amezika mlimani, nasi tukamwamini.

Kinyungu changu nakijua. Kwenye kisima cha kumwagilia kuna viluwiluwi, na mara nyingi ndoo huwakata mikia na vimiguu. Ukirudi baada ya muda unamkuta yuleyule ameota kimguu kipya, chembamba, cheupe, unaona hadi mishipa. Chura aliyekomaa haoti. Akikatwa, ndiyo basi. Nilidhani na mtu mzima ni hivyohivyo.

Ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka. Vyura walikuwa wakipiga kelele kama kawaida yao. Nikainama nichume figili.

Vyura wakanyamaza.

Halafu ikaja harufu... utomvu wa paina, mbao iliyopasuliwa sasa hivi. Bondeni kwetu hakuna paina hata mmoja.

"Kamwene," mtu akanong'ona.

Ni salamu ya kwetu, na mdomo wangu ukataka kuitikia wenyewe. Nikageuka. Kwenye ukingo wa mfereji, kati ya matuta yangu, mkono ulikuwa umeshika udongo.

Wa kushoto.

Wenye pete.

Pete ya ndoa yetu. Vidole vilikuwa vimevimba, hospitali walishindwa kuivua, ikazikwa humohumo. Kiganja kilikuwa kilekile, na sugu zake za kubeba magogo. Lakini nyuma yake kulikuwa na mkono mzima, mwembamba, mweupe, mishipa inaonekana. Na bega. Na uso ambao haujaisha. Kope bado.

"Mama Eveline," ukasema. "Pole na kazi."

Nililia. Sikulia kwa woga. Nililia kwa sababu tangu ajali hakuna aliyeniambia pole na kazi, na sasa nilikuwa naambiwa na kitu cha matopeni, kwa sauti ya mume wangu ya zamani, ile niliyoolewa nayo.

"Nimebakiza miguu," ukasema taratibu. "Nisubiri."

"Na yule wa nyumbani?"

"Yule anaisha."

Nikaacha kapu, nikakimbia.

Nilipofunua blanketi, Liberatus alikuwa amenyauka. Ngozi imekauka, midomo imepasuka, na kwenye vidole vya miguu hakukuwa na kucha. Alinishika nguo kwa mkono wake mmoja, akaniambia kwa shida kwamba haisikii miguu. Hapo ndipo woga uliponiingia sawasawa, kwa sababu, pamoja na ukali wake wote, huyu ndiye alikuwa mume wangu.

Nikamweleza mama mkwe yote, Ambrosi akiwa amekaa palepale jikoni. Mama akamgeukia mwanawe, akamuuliza alizika wapi. Ambrosi akaangalia moto.

"Msimkate," mama akanong'ona. "Mchimbueni mzima mzima, tumpandishe mlimani kwenye majivu. Akikaukia kule, huyu wa ndani atapona."

Ambrosi hakuusikia vizuri mnong'ono ule, wala hakusubiri uishe. Sijui ilikuwa aibu au kiherehere. Alinyakua jembe mlangoni akashuka mbio, nasi tukamwita hadi sauti zikakauka.

Tukasikia jembe.

Tifu.

Liberatus akashtuka kitandani.

Tifu... tifu.

Kila jembe lilipotua, alishtuka. Nikamkumbatia, nikahisi kila pigo likipita mwilini mwake hadi kwangu. Halafu bonde likatulia, naye akatulia.

Ambrosi alirudi amelowa, anahema, uso una raha ya mtu aliyemaliza kazi. Akatuambia amekikatakata vipande vipande na kuvitupa kwenye mfereji mkubwa, maji yavipeleke mbali. Mfereji huo ndio unaonywesha vinyungu vya bonde zima. Alingoja tumshukuru. Mama mkwe alifunika uso kwa kanga na hajamsemesha mpaka leo.

Liberatus tulimzika mlimani, kwenye udongo mkavu, tukamfunika majivu.

Sasa mvua zimeanza na mifereji imejaa. Jirani yangu Severina ameacha kushuka kwenye kinyungu chake na hataki kusema kwa nini. Mwingine wa chini zaidi aliniambia kwa hasira nimkataze mume wangu kukaa kwenye kabichi zake. Nikamkumbusha kwamba alikuwepo mazishini. Akaondoka bila kuaga. Ambrosi amehamia Mbalizi, anauza mitumba, hapokei simu yangu. Mimi nimebaki, kwa sababu sina bustani nyingine.

Jana jioni nilichelewa kidogo, Eveline akanitangulia bondeni na kapu. Nilimkuta amesimama kwenye ukingo wa mfereji, ametulia tuli, na vyura wote kimya. Harufu ya paina ilikuwa imejaa bonde zima.

Alinishika mkono bila kuondoa macho kwenye maji.

"Mama," akaniuliza polepole, "baba yetu ni yupi kati yao?"