Mgeni wa Barafuni

Haya sikuyasikia mtaani. Yalimpata mdogo wangu Bienaimé, anayeishi ghorofa ya tatu hapa Jette, ughaibuni, juu ya kichwa changu. Mimi niko ya pili.

Jumapili ile ilikuwa ya kawaida. Tulitoka misa, nikapika sombe, kisamvu chetu, naye Bienaimé akamsimamisha binti yake Abigaël kwenye fremu ya mlango ili ampime urefu. Alikuwa amerudi majuzi kutoka Antaktika, ambako maabara yake ilimtuma miezi miwili. Kazi yenyewe ilinichekesha: wanasimika miti kwenye theluji, mwaka unaofuata wanapima imebaki nje kiasi gani. Panapoanguka theluji kidogo, tabaka ni nyembamba, na chini kabisa huenda kuna barafu ya miaka milioni.

"Kusoma kote kule, njo unapima fito?" nilimtania.

Alikuwa akiangalia alama ya zamani. Kabla ya safari Abigaël alikuwa na sentimita mia moja kumi na mbili. Sasa alikuwa na mia moja na kumi. Tukasema amekunja magoti.

Jumapili iliyofuata, mia moja na saba. Iliyofuata, mia moja na tatu. Daktari alisema tunakosea kupima, lakini sketi ya mtoto ilikuwa inaburuta sakafuni.

"Yaya, miti yetu kule inapunguaka hivi hivi," Bienaimé alininong'oneza; kwetu yaya ni dada mkubwa. "Si kusema inakuwa mifupi. Inazikwaka."

Niliishika mikono ya mtoto. Ilikuwa baridi. Mama yake alifariki akimzaa, nimemlea mimi, na siku ile niliogopa kweli.

"Abi, nini inakuuma?"

"Hakuna, tantine. Ni mugeni wa papa. Ananifunika."

Bienaimé akakaa chini. Ndipo akatoa alichokuwa ameficha. Kule, jua lisilozama likiwaka, alikuwa peke yake hemani. Mwenzake Hervé alikuwa mbali, anapima miti. Akasikia mtu nje: ko ko ko. Hakugonga, maana turubai haligongwi. Ilikuwa sauti ya mdomo, kama tufanyavyo kwetu Bukavu mlango ukiwa pazia tu. Hervé ni mzungu wa Namur, yeye angesema toc toc. Lakini Bienaimé alilelewa na adabu zake, akaitika bila kufikiri: ingia, karibu.

Zipu haikusogea. Ila ndani pakaingia baridi nyingine.

"Alors, ulimukaribisha," nilimwambia. "Hauwezi kumufukuza. Mugeni anasindikizwaka."

Jumamosi mchana, maabara ikiwa tupu, alifungua mlango wa nyumba yake wazi kabisa. "Twende, nikusindikize." Akashuka bila kugeuka. Kule maabara kuna chumba cha baridi wanamohifadhi barafu waliyoileta kutoka Antaktika. Angemwacha humo.

Nilibaki juu na mtoto, mgongo wake kwenye fremu, kiganja changu kichwani pake. Saa nane. Hakuna kitu. Saa tisa. Sikuondoa kiganja. Bomba la maji likaacha kudondoka.

Kichwa kikasukuma kiganja. Kidogo. Tena kidogo. Sikuthubutu kuangalia. Kiliposimama, nilichora mstari, nikapima. Mia moja kumi na mbili. Nililia mpaka mtoto akanipa taulo.

Bienaimé alirudi jioni anatabasamu.

"Nilimuambia aende muzuri, nikafunga."

"Na yeye alijibu nini?"

"Hakujibu, yaya. Bon, imeisha."

Nikashuka kwenda kwangu nikimshukuru Mungu. Ngazi zilikuwa zimelowa. Nje hakukuwa na mvua. Nyayo za viatu vya Bienaimé zilipanda hadi kwake. Kando ya hizo zilipanda nyingine, za miguu mitupu, mirefu.

Ndipo nikakumbuka tulichosahau sote wawili. Kwetu, ukimsindikiza mtu mwenye adabu, naye hugeuka akurudishe kidogo. Hakufikishi nyumbani. Anakuacha njiani.

Nyayo zile ziliishia ghorofa ya pili. Vidole vilielekea mlango wangu. Za kurudi hazikuwepo.

Siku za kazi, Abigaël alikuwa akilala kwangu. Tangu Machi ninamwambia Bienaimé nina mafua, asimlete. Anacheka, anasema mafua gani ya kufika Agosti. Mtoto ananipungia mkono akiwa ngazini, nami namwambia apite haraka. Nimepangusa sakafu mara nyingi sana, nimenunua hata mkeka mpya wa mlangoni, lakini haukauki.